Mteremko Uliogeuka Rangi

Uholanzi,
12 Novemba 1995

Mama Salama mpenzi,

Assalaam alaikum. Baridi ya huku imeshaanza, si ile ya Magamba ya asubuhi inayokwisha jua likipanda. Hii inakaa mchana kutwa. Barua yako ya Septemba niliipata. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa na kwamba Salama sasa anasoma gazeti mwenyewe.

Leo nina jambo la kukueleza. Zile picha nilizokuwa nazisubiri zimefika. Mwalimu wangu alitaka nifanyie utafiti nchi nyingine ambayo wao wameshaizoea, nikamwomba aniachie Lushoto, akakubali. Ni picha zinazopigwa na setilaiti, juu kuliko ndege yoyote. Chombo kile kinapokea mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, hata ule ambao jicho letu haliuoni. Majani mabichi hurudisha sana mwanga huo wa pili, na sisi tukichapa picha tunaupa rangi nyekundu. Kwa hiyo kila kilicho hai kwetu ni chekundu. Msitu wa Magamba umekoza kama ini. Udongo mtupu unakuwa mweupe, au kijivu cha majivu.

Ninazo picha mbili, moja ya mwaka 1986 na moja ya Februari mwaka huu, miezi mitano baada ya mimi kuondoka. Kazi yangu ni kuziweka pamoja na kusema ardhi imebadilika wapi na kwa namna gani.

Nilitafuta kwetu kwanza. Wote tunafanya hivyo. Mwenzangu wa Nepal alianza na kijiji cha bibi yake. Nikaikuta kona ya barabara pale Soni, nikafuata kijito, nikapanda nacho mpaka mteremko wetu wa Kwemlanda. Kwenye picha ya 1986 ni mwekundu wote, mibuni ya baba na migrivea yake ya kivuli. Kwenye picha ya mwaka huu ni majivu, kuanzia shamba letu mpaka kwa Mzee Bakari.

Mama Salama, kumetokea nini? Udongo uliporomoka? Moto? Uliniandikia Machi, ukaandika Juni, na hukusema lolote. Nijibu upesi, kwa sababu ripoti hii haitaishia huku. Mradi wa hifadhi ya udongo na watu wa misitu pale Lushoto wameomba nakala. Mteremko utakaoandikwa kuwa umechakaa, watafikiria kuufunga usilimwe kabisa.

Mimi mumeo,
Mbaraka


Kwemlanda,
9 Desemba 1995

Baba Salama,

Waalaikum salaam. Barua yako imetukuta wazima. Vuli imenyesha vizuri. Salama amekuwa wa nne darasani na anataka umletee kalamu za rangi. Mama anakusalimu sana. Goti halimsumbui, anapanda na kushuka kama msichana.

Picha zako zimetushangaza. Nimemsomea mama ile sehemu ya rangi nyekundu akasema huko mbali wanajua mengi. Labda siku hiyo kulikuwa na wingu. Unajua wingu la kwetu linavyolala kwenye mteremko. Hakuna udongo ulioporomoka wala moto, Mungu ametuepusha. Nyumba ipo, sisi tupo, na chakula hatujakosa.

Soni siku hizi ungeishangaa. Malori ya Dar yanafika kila siku ya soko, vijana wanauza redio na mitumba mpaka barabarani. Mdogo wako Omari amefungua kibanda chake cha ushonaji, anashona sare za shule na kanzu.

Usiwe na mawazo mengi, soma umalize. Vaa soksi mbili.

Mkeo,
Mwanahamisi


Uholanzi,
4 Januari 1996

Mwanahamisi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu la swali langu. Halimo.

Wingu halina kona. Nililoliona lina mipaka iliyonyooka kama mipaka ya mashamba, na wingu huacha kivuli chake pembeni, na kwenye picha hii hakuna kivuli. Mibuni ile imekatwa. Nimeiangalia na mwalimu wangu kwenye kompyuta, namba zake ni za udongo mtupu, hakuna ubishi.

Halafu nimepata barua ya Lucian, tuliyesoma naye Lushoto. Ameandika kwa nia njema tu, ananipongeza kwamba mke wangu ni mchapakazi, kila siku ya soko anamwona Soni akisimamia magunia yakipakiwa kwenye lori. Magunia ya nini? Mbona mimi sijui?

Nakuuliza waziwazi, na unijibu waziwazi: mmeuza shamba la baba? Kama mmeuza, nani aliyenunua, na nani aliyeweka mkono? Mibuni ile baba aliipanda nikiwa nabebwa mgongoni. Kila mti alibeba maji kwa kichwa kuumwagilia. Mimi nimesomeshwa na kahawa ile.

Rasimu ya ramani nitaitoa Machi. Nikiendelea kukosa jibu nitaandika ninachokiona, kwamba Kwemlanda imechakaa, na ofisi za huko ziamue zitakavyoona.

Mbaraka


Kwemlanda,
2 Februari 1996

Mwanangu Mbaraka,

Haya ni maneno yangu mimi mama yako, Omari anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Nilitaka kukuamkia kwa Kishambaa lakini anasema hajui kukiandika, basi jisikilizishe mwenyewe sauti yangu.

Barua yako kwa mkeo imesomwa hapa ndani. Sikupenda. Hukumwandikia mkeo, ulimwandikia mwizi.

Mibuni niliikata mimi.

Msimu ule ulipoondoka, ushirika ulifunga ghala. Wakaja mawakala binafsi, wakasema siku hizi ni soko huria, kila mtu anauza anakotaka. Lakini bei waliyotoa ilikuwa ya kutudhihaki. Kufika Desemba kahawa ilikauka kwenye mikeka hatuna wa kumpa. Salama alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Nikamwambia mkeo, "Lete panga." Akasema, "Mama, shamba ni la Baba Salama, tumwandikie kwanza." Nikamwambia, "Kabla halijawa lake lilikuwa la mume wangu. Mume wangu alipanda mibuni ili watoto wale, hakuipanda ili watoto waiangalie."

Akasimama pale na panga mkononi, analia. Nikamnyang'anya. Mbuni wa kwanza niliukata mimi, ule wa karibu na choo. Usidhani sikulia. Baba yako alikuwa akizungumza na miti ile kuliko alivyozungumza na mimi.

Migrivea tuliiacha kwenye mipaka. Jirani waliponiona nao wakaanza. Mkeo ndiye aliyewaambia kwamba tukilima hivihivi mvua itatuhamishia udongo wote Mombo kule chini, akaenda kwa watu wa mradi akajifunza kupima matuta. Wanawake wa mteremko mzima walichimba pamoja Januari na Februari, kila siku shamba la mmoja. Ndiyo hiyo picha yako. Mlitupiga picha tumevua nguo hatujavaa nyingine.

Sasa kuna kabichi, karoti na hoho. Hakuna kilichouzwa ila mazao.

Mimi ndiye niliyemkataza mkeo kukwambia. Nilijua ungeacha masomo ukarudi kuililia miti. Mwombe radhi.

Mama yako


Kwemlanda,
3 Februari 1996

Baba Salama,

Naiweka barua yangu kwenye bahasha ya mama. Amekueleza yote, sina la kurudia. Uliponiuliza kama nimeuza shamba nililia, kisha nikakasirika, na sasa nimechoka kukasirika. Tuko kwenye mwezi wa Ramadhani, nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini siku nyingine ukiona kitu kutoka juu, niulize mimi niliye chini, kisha uningoje.

Nina jambo zito zaidi. Kijito kinakufa. Hiki ni kiangazi, tunajua maji hupungua, lakini haijawahi kuwa hivi. Mfereji wetu unaleta maji asubuhi tu, mchana ni tope. Karoti za Mzee Bakari zimekauka zikiwa changa. Watu wa Kitala, kule juu yetu, wamechimba mfereji mpya mwaka jana, na wanawake wote hapa wanaamini ndiko maji yanakobaki. Unamkumbuka Secilia, mama Tobia, yule aliyekuwa mchuma chai akahamia Kitala na wenzake mashamba ya chai yalipopunguza watu? Yeye ndiye kiongozi wao. Nilikutana naye sokoni nikamsalimia, akageuza uso.

Tumekubaliana tusigombane ndani ya mwezi huu. Lakini baada ya Idi wanawake wetu watapanda na majembe kuuvunja mfereji wa Kitala. Wanaume wanasema watakuja nyuma yetu. Mimi naogopa. Kule nao wana majembe, na wengine wao si watu wa hapa, hawana ndugu huku wa kuwatuliza. Nikisema tusubiri naambiwa mume wangu yuko Ulaya, kama mimi siumwi na njaa, wapo wanaoumwa.

Picha zako zinaona maji?

Mwanahamisi


SIMU YA MAANDISHI
17 Februari 1996

MWANAHAMISI KWEMLANDA KUPITIA POSTA SONI. MSIVUNJE MFEREJI WA KITALA. PANDENI MSITUNI NYUMA YA KILIMA KWENYE CHANZO CHA KIJITO. KUNA MITI IMEKATWA. NENDENI NA WATU WA KITALA. NAOMBA RADHI. MBARAKA


Kwemlanda,
10 Machi 1996

Baba Salama,

Simu yako ilinifikia siku moja kabla ya Idi. Mtu wa posta alimpa Omari, na Omari alikuja nayo mbio, mkanda wa kupimia bado uko shingoni. Mwisho wake ulinifurahisha kuliko mwanzo, lakini hilo tuliache.

Sikumwambia mtu mpaka sikukuu ilipopita. Siku ya kwenda kuvunja mfereji ilipofika wanawake walikusanyika na majembe, na mimi nikachukua langu. Nilijua nikikataa wataenda bila mimi. Tulipofika Kitala tuliwakuta wamesimama kwenye mfereji wao, Secilia mbele. Walikuwa wameshapata habari.

"Mmekuja kuvunja?" akaniuliza.

"Mimi nimekuja kuomba mtusindikize nyuma ya kilima."

"Huko kuna nini?"

"Mume wangu ameona miti imekatwa pale maji yanapotoka."

"Mumeo si yuko Ulaya?"

"Ndiyo. Ameona akiwa huko."

Walicheka, Baba Salama. Walicheka wa kwao na wa kwetu, hata Secilia alijifunika mdomo kwa khanga. Nilikaa chini kwenye ukingo nikawaeleza ulivyonieleza, habari ya mwanga na wekundu na majivu, na jinsi ulivyoiona Kwemlanda imefyekwa wakati mimi nilikuwa nimekuficha. Hapo kicheko kikapungua. Mwanamke anayetoa aibu ya nyumba yake mbele za watu huwa hasemi uongo. Secilia akaniambia maji yao nayo yamepungua, wamekuwa wakiziba mfereji wakidhani unavuja. Kisha akasema, "Twende. Kama hakuna kitu, mtarudi na majembe yenu nanyi mtatukuta hapahapa."

Tulipanda pamoja. Kilichonishtua kwanza ni jua. Unakumbuka pale chanzoni mchana palivyokuwa giza, mpaka mtu anasikia baridi? Sasa jua linapiga mpaka chini. Ile miti mikubwa ya kamfa imelazwa, mingine imepasuliwa mbao, mingine imeachwa tu. Wamechimba mashimo ya kupasulia, na maranda yamejaa kwenye chemchemi mpaka maji yanatafuta pa kutokea. Magogo wameyalaza ndani ya kijito wapate kuyatelezesha. Wapasua mbao walikuwa wawili, wanapika ugali. Hawakukimbia. Walisema wameajiriwa na mfanyabiashara aliyewaambia kibali kipo. Secilia akawaomba wale washibe, kisha waondoke. Wakala, wakaondoka.

Mwenyekiti wa kijiji alipanda kesho yake na bwana misitu, mbao zikachukuliwa. Huyo mfanyabiashara hajaonekana tena huku. Kinachoniumiza ni kwamba tumegundua wanaume wa Kwemlanda na wa Kitala walikuwa wakilipwa kubeba mbao zile, na kila upande ulinyamaza huku wake zao wakitaka kupigana majembe. Mlango wa kibanda cha Omari umetoka kule. Tangu siku ile amekuwa mpole.

Tuliondoa maranda na magogo wenyewe, vijiji viwili, mwishoni tulikuwa tumelowa mpaka kiunoni na hakuna aliyejua nani ni wa wapi. Maji hayakurudi siku ile. Yameongezeka kidogo, na sasa masika inakaribia, hatutajua kweli mpaka kiangazi kingine. Zamu za mfereji tumezipanga, Kitala siku yao, sisi siku yetu.

Sasa ramani yako. Nimezunguka mteremko wote na Secilia ili nikwambie hali ilivyo. Kuanzia nyumbani mpaka kwa Mzee Bakari matuta yamekaa, kingo zimepandwa majani ya ng'ombe, udongo hauendi popote. Lakini ule ukanda wa juu kabisa, chini ya msitu, watu walilima bila matuta, na mimi nilikuwa nimewaambia nikachoka. Mvua imepachimba, kuna mifereji unaweza kusimama ndani yake. Huko kumeharibika. Paandike hivyo. Usitupendelee, maana ukitupendelea hapa, watakaposoma yale mengine mema watadhani nayo ni mapenzi ya mume kwa mke.

Mkeo,
Mwanahamisi


Uholanzi,
16 Juni 1996

Mama Salama,

Nimetetea utafiti wangu jana. Nimepita.

Mwalimu mmoja, si wangu, aliniuliza nimejuaje kwamba ule udongo mtupu wa Februari ulikuwa matuta yanayochimbwa na si ardhi iliyokufa, wakati kwenye picha vyote viwili vinafanana. Nikasema nilikuwa na mtu ardhini. Akauliza ni mtaalamu wa ofisi gani. Nikasema ni mke wangu, na kwamba mahali pengine pameandikwa pameharibika kwa sababu yeye ndiye aliyedai paandikwe. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mwalimu wangu baadaye alinishika bega akasema sura hiyo ya utafiti wangu ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Nami nina la kukwambia. Doa lile la msituni lilikuwa mbele yangu tangu Novemba. Nilikuwa nikiitazama Kwemlanda tu, kwa sababu ndipo paliponiuma, nikalipita. Ulipouliza kama picha zinaona maji, nilicheka peke yangu, kwa sababu kijito chetu ni chembamba mno kuonekana. Kisha nikajiuliza kinatoka wapi, nikapandisha kidole.

Nimelia juu ya mibuni. Sikutaka kukwambia, lakini sitaki tena vitu vya kutoambiana. Nilitoka nikatembea kando ya mfereji wao mkubwa wa hapa mjini mpaka machozi yakaisha. Mama amesema kweli, ningeacha masomo nikarudi. Ningerudi kuwazuia, na mngekuwa na njaa na miti mizuri.

Chuo kimetupatia picha mpya ya Februari mwaka huu. Kwemlanda imerudi kuwa nyekundu. Si ule wekundu mzito wa kahawa. Ni mwepesi, wa madoadoa, kila shamba na kiwango chake, kama vitambaa vya Omari sakafuni. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Wizara iliyonituma kusoma imeniuliza kama nitafanya kazi makao makuu Dar. Kuna nyumba na gari la ofisi. Nimeandika kwamba naomba Lushoto. Nimeandika kabla ya kukuuliza, na sasa ninakuuliza: nimekosea?

Msalimie mama, umwambie nimemsikia kwa Kishambaa.

Mumeo,
Mbaraka


Kwemlanda,
20 Agosti 1996

Baba Salama,

Hujakosea. Ila mama amesema gari la ofisi ungelikubali kwanza ndipo ukaomba Lushoto.

Ripoti yako ilitufikia kabla yako. Wiki iliyopita walikuja watu wa mradi na wa misitu na ramani kubwa, wakaitundika kwenye ukuta wa shule. Watu walijaa mpaka nje, wa Kitala nao walishuka. Afisa mmoja alisema wazi kwamba mwanzoni walikuja na wazo la kuufunga mteremko wote, kwa kuwa kwenye picha ya mwaka jana ulionekana umekwisha. Mzee Bakari akasimama kutafuta shamba lake ukutani. Alipoonyeshwa alilipapasa kwa kiganja, kisha akauliza kama linaonekana lina matuta au halina, akajibiwa lina. Akarudi kukaa, na siku nzima alikuwa anatembea kifua mbele.

Uamuzi ni kwamba Kwemlanda italimwa kama inavyolimwa. Ule ukanda wa juu utapumzishwa na kupandwa miti, na waliokuwa wakilima pale watapewa sehemu bondeni. Wawili walinung'unika, wamekubali. Chanzo cha kijito kitalindwa na vijiji vyote viwili. Wamenichagua niwe mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilisema Secilia awe, yeye akasema mimi niwe, mwisho mama akapaza sauti kutoka nyuma kwamba tunapoteza jioni, basi mimi ni mwenyekiti na Secilia ni katibu. Miche ya kamfa tumeipanda pamoja chanzoni. Mingine imekufa, mingine ina majani mapya. Ni miti ya wajukuu, sisi hatutaketi chini ya kivuli chake.

Na maji yapo. Mwezi huu ndio tulioogopa, na usiku nikiwa kimya nakisikia kijito.

Sasa sikiliza habari ya safari yako. Ukishuka Soni usianze kupanda peke yako. Najua utasema umeiona njia hii kutoka juu kuliko mtu yeyote. Lakini ile njia ya zamani ya kupita kati ya mibuni haipo, sasa ni ngazi kwa ngazi, unazunguka shamba la huyu, unapanda ukingo wa yule, na ukikanyaga karoti za watu wakati wenyewe hawakujui umevaa koti la Ulaya, watakufukuza. Kaa kwenye kibanda cha Omari, uagize chai. Nitashuka mwenyewe kukuchukua.

Mkeo,
Mwanahamisi